Kuuza, Kuchangisha na Kuomba Kura Nyumba kwa Nyumba Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili

Msimu wa korosho unapofunguliwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, kuanzia mwezi wa Oktoba, vijiji vya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa hupokea wageni wengi wanaopita nyumba kwa nyumba. Wapo wanaotembeza magodoro, vyombo na vitenge, wapo mawakala wa laini za simu, wapo wanaochangisha ujenzi wa misikiti na makanisa, wapo wakopeshaji, na uchaguzi ukikaribia wapo pia wanaoomba kura. Walio wengi wanatafuta riziki au wanatumikia jambo wanaloliamini. Hata hivyo, bibi aliyekaa barazani kwake hana njia ya kumtofautisha mtu mwema na tapeli isipokuwa kwa karatasi alizobeba mgeni huyo na kwa namna alivyoingia mtaani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu mwanzo: kabla ya kupiga hodi nyumbani kwa mtu yeyote, piga hodi katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji.

Bainisha kwanza unachokwenda kufanya

Kuuza, kuchangisha na kushawishi ni mambo matatu, na kila moja lina mamlaka yake. Muuzaji anashughulika zaidi na ofisi ya biashara na ya mapato ya halmashauri, mchangishaji anashughulika na maendeleo ya jamii na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mwenye kuomba kura anafungwa na ratiba na maadili ya uchaguzi. Wengi hukwama kwa sababu wameomba ruhusa ya jambo moja na wakafanya jingine.

Kipimo rahisi ni kujiuliza mtoa fedha anapata nini. Akipata kitu chenye thamani inayolingana na alicholipa, hiyo ni biashara, hata kama faida yake inakwenda kwa yatima. Akipata kalenda ya shilingi mia tano kwa mchango wa shilingi elfu tano, huo ni uchangishaji, na kalenda haiubadilishi kuwa biashara. Shughuli yako ikiwa na pande mbili, ziandike zote mbili katika barua ya maombi. Mtendaji anayeona umesema yote mapema hana sababu ya kukutilia shaka baadaye.

Fahamu sheria ndogo za halmashauri unayoingia

Halmashauri za wilaya hutunga sheria ndogo kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na zile za miji na manispaa kwa Sura ya 288, zote zikiwa na asili yake katika mwaka 1982. Sheria ndogo huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, ambako hupewa namba ya tangazo. Namba hiyo ni muhimu, kwa kuwa tozo isiyo na sheria ndogo nyuma yake haina msingi, na mtu yeyote ana haki ya kuuliza inatozwa kwa tangazo lipi.

Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, miji ya Masasi, Newala na Nanyamba, na halmashauri za wilaya za Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Mkoa wa Lindi unazo sita: Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Ninazitaja zote kwa makusudi, kwa sababu mchuuzi anayetoka Chikongola mjini Mtwara kwenda Nanyamba, kisha Tandahimba, amepita katika halmashauri zisizopungua tatu kwa safari moja, na kibali cha ya kwanza hakimpi haki ya kufanya shughuli katika ya pili. Mipaka hiyo haionekani barabarani, lakini inaonekana mara moja kwenye mashine ya kutolea risiti.

Nenda ofisi ya halmashauri ukamwone afisa biashara. Pakiwa na utata, omba kumwona mwanasheria wa halmashauri. Uliza mambo matatu: kama ipo sheria ndogo inayogusa biashara ya kutembeza, pamoja na namba yake ya tangazo, ada au ushuru ni kiasi gani na hulipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka, na kama yapo maeneo au saa ambazo shughuli hiyo imezuiwa. Sheria ndogo za ada na ushuru na zile za usafi wa mazingira ndizo zinazowagusa wachuuzi mara nyingi, kwa hiyo zitaje kwa jina. Andika majibu pamoja na cheo cha aliyekujibu.

Vijijini kuna ngazi nyingine. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ndiyo maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na utaratibu wa wageni ambao kijiji jirani hakina, na hilo halijui yeyote isipokuwa mtendaji wa kijiji chenyewe.

Hatua za muuzaji

Hatua ya kwanza ni utambulisho wako kama mfanyabiashara. Leseni ya biashara hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, Sura ya 208, na kwa biashara zilizo chini ya halmashauri maombi sasa hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, baada ya kupata namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Kumbuka kwamba leseni hutaja biashara na mahali pake. Mwenye duka Masasi mjini anayetuma vijana wanne kutembeza bidhaa Nanyumbu asitegemee kwamba leseni iliyobandikwa ukutani kwake inawalinda vijana wale huko walikokwenda.

Mchuuzi mdogo ana njia yake. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni nne kwa mwaka. Siku hizi usajili wa wafanyabiashara ndogondogo unasimamiwa na wizara ya maendeleo ya jamii, na mtu wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri. Beba kitambulisho hicho pamoja na kile cha NIDA. Hata hivyo, kitambulisho cha mchuuzi hakikupi ruhusa ya kuingia uani mwa mtu, wala hakihalalishi bidhaa ambayo sheria imeiwekea masharti ya peke yake.

Bidhaa za namna hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anayetembeza chakula kilichopikwa, iwe vitumbua, pweza wa kuchemsha au maandazi, anapaswa kumwona afisa afya wa kata na kupimwa afya, na chombo chake kiwe na mfuniko. Mwenye samaki anahitaji pia kuuliza ofisi ya uvuvi kuhusu leseni ya biashara hiyo. Dawa za hospitali hazitembezwi kabisa: huuzwa katika famasi na maduka ya dawa muhimu yaliyosajiliwa, na mtu anayebisha hodi akiwa na vidonge vya malaria au vya nguvu kwenye mkoba anavunja sheria hata kama dawa zenyewe ni halisi. Tiba asili nazo zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili waganga na dawa zao. Anayekopesha fedha anahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo ilikuja kudhibiti mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na kina mama wa mitaa yetu wanajua uchungu wake kuliko mwandishi yeyote anavyoweza kuueleza.

Vijana unaowatuma nao wana sheria yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Beseni la karanga kichwani mwa mtoto wa darasa la tatu saa nne asubuhi siku ya Jumanne ni kosa la mtu mzima aliyemtuma.

Hatua ya pili ni barua kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji, nayo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Ukikusudia kupita mitaa mingi ya kata moja, anza na Mtendaji wa Kata, akuandikie barua ya kukutambulisha kwa watendaji wa mitaa walio chini yake. Watu wengi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ndiye wanayemfahamu. Mwenyekiti ni kiongozi aliyechaguliwa na wananchi na ni lazima ajue uwepo wako, lakini mtendaji ndiye mtumishi mwenye jalada la ofisi, na ndiye atakayeulizwa na polisi iwapo jambo litatokea. Balozi wa nyumba kumi mwarifu kwa heshima, kwa sababu anawajua watu wake, ila neno lake halichukui nafasi ya barua.

Barua iwe fupi na ifuate mtindo wa kiofisi unaojulikana:

*Afisa Mtendaji wa Mtaa,*
*Mtaa wa ………, Kata ya ………,*
*Halmashauri ya Manispaa ya Lindi.*

*Kupitia: Mwenyekiti wa Mtaa.*

*YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KUTEMBEZA VYOMBO VYA NYUMBANI*

*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara mdogo, mkazi wa ………, mwenye kitambulisho cha biashara namba ………. Ninaomba ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa wako kuanzia tarehe ……… hadi tarehe ………, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, nikiuza ndoo, sufuria na madishi. Nitaambatana na wasaidizi wawili ambao majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vyao nimeambatanisha. Bidhaa zitauzwa kwa fedha taslimu na kwa malipo ya awamu, na kila mnunuzi atapewa risiti. Ninaahidi kufuata sheria ndogo za halmashauri na maelekezo ya ofisi yako.*

*Wako mtiifu,*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoionyesha mlangoni, kwa hiyo itie kwenye mfuko wa plastiki mapema, maana mvua za masika za huku hazimsubiri mtu. Usitoe nakala ya kibali ukampa msaidizi ambaye jina lake halimo.

Hatua ya tatu ni malipo. Fedha ya halmashauri hulipwa kwa kontroli namba au kwa mashine ya POS inayotoa risiti palepale, na risiti iwe na jina la halmashauri, kiasi, tarehe na aina ya malipo. Ada iliyotolewa mkononi bila risiti haihesabiwi kuwa imelipwa, na kesho yake mkusanyaji mwingine atakudai tena kwa haki kabisa.

Mali kauli na hatari ya kangomba

Biashara ya nyumba kwa nyumba katika mikoa hii inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na mali kauli. Mama anachukua kitenge na sufuria mwezi wa Juni kwa ahadi ya kulipa korosho zitakapouzwa. Utaratibu huo si kosa, na umezisaidia familia nyingi kuvuka miezi ya ukata. Unachotakiwa ni kuuandika: jina la mnunuzi, bidhaa, bei ya fedha taslimu, bei ya mkopo kama ni tofauti, tarehe ya kulipa, na saini au dole gumba la pande zote mbili mbele ya shahidi mmoja anayejua kusoma. Daftari liwe na nakala ya kumwachia mnunuzi. Pasipo nakala, deni la shilingi 30,000 hugeuka shilingi 50,000 kati ya Juni na Novemba, na mama huyo hana pa kusimamia.

Hatari huanzia pale muuzaji anapokubali kulipwa kwa korosho zenyewe. Korosho ghafi katika mikoa hii huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Kutoka AMCOS korosho huingia ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao. Kununua nyumba kwa nyumba nje ya mfumo huo ndiyo kangomba, na imepigwa marufuku. Kwa hiyo mchuuzi anayetoa ndoo mbili na kupokea debe la korosho anaingia kwenye kangomba hata kama hajawahi kujiona mnunuzi wa mazao. Vivyo hivyo kwa anayekopesha fedha korosho zikiwa bado maua, kwa makubaliano ya kulipwa magunia.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hasara yake ni ya pande mbili. Mkulima hupata sehemu ndogo ya bei ya mnada, na mchuuzi hupoteza korosho zikikamatwa, pamoja na chombo cha usafiri na uhuru wake. Andika deni kwa shilingi, lipwa kwa shilingi, na usubiri hadi fedha za mkulima ziingie kwenye akaunti yake. Zikichelewa, subiri naye.

Kuchangisha

Katiba ya mwaka 1977 haimzuii mtu kuomba msaada. Kinachokatazwa ni udanganyifu: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mzururaji mtu anayezunguka kukusanya sadaka au michango kwa kisingizio cha uongo. Mchangishaji wa kweli basi ana kazi ya kuthibitisha mapema kwamba kisingizio chake si cha uongo, na uthibitisho huo hujengwa kwa karatasi nne.

Ya kwanza ni cheti cha usajili. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Jumuiya za dini na vyama vingine husajiliwa na Msajili wa Jumuiya. Vikundi vidogo husajiliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Kamati ya msikiti au ya kigango iwe na barua ya chombo chake cha juu, kama vile ofisi ya BAKWATA ya wilaya au parokia. Ya pili ni muhtasari wa kikao kilichoamua kuchangisha, ukitaja kiasi kinachotafutwa na kazi yake. Ya tatu ni kibali cha ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kama uchangishaji unavuka wilaya, anza na ofisi ya mkoa. Ya nne ni barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kama ile ya muuzaji.

Fedha zikusanywe kwa vitabu vya risiti vyenye namba zinazofuatana, na kila kitabu kiandikwe kimechukuliwa na nani na kimerudi lini. Michango ya simu iingie kwenye namba au akaunti yenye jina la taasisi. Namba binafsi ya mweka hazina isitumike hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani, kwa kuwa akifariki au akiibiwa simu, jamii nzima itabaki ikinong'ona juu ya mtu ambaye hawezi kujitetea. Watembee wawili wawili, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke, kwani mchana nyumba nyingi huwa na kina mama peke yao. Fedha zihesabiwe jioni ileile mbele ya watu watatu.

Michango ya shule ina masharti yake. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, elimumsingi katika shule za umma hutolewa bila malipo, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Mwalimu asitumwe kukusanya, na mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Michango ya maendeleo ya kijiji, kama ya zahanati, inapaswa kuwa imejadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mapato na matumizi yake yasomwe katika mkutano huohuo, ambao hufanyika kila miezi mitatu. Mgambo anayepita na orodha ya kaya bila muhtasari wa mkutano anaweza kuulizwa muhtasari huo, na kuuliza si ukaidi.

Kwa mgonjwa, pitia kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali anapotibiwa, iwe Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Ndanda au Nyangao. Huenda mgonjwa akastahili msamaha wa gharama, na mchango ukahitajika kwa nauli na chakula tu. Hospitali ikitoa barua, isiandikwe maradhi ya mtu hadharani zaidi ya inavyolazimu. Picha ya mtoto aliye uchi kitandani haipaswi kuzungushwa mitaani kwa ajili ya kupata huruma.

Kuomba kura, kuhubiri na kukusanya taarifa

Kampeni zina muda wake, na nje ya muda huo kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura ni kukiuka utaratibu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, kampeni ziliruhusiwa kwa siku saba tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26. Katika uchaguzi mkuu wa 2025 zilianza tarehe 28 Agosti na kumalizika tarehe 28 Oktoba. Mikutano ya kampeni hukoma saa kumi na mbili jioni, na busara inataka hata anayepita majumbani ashike saa hizo. Asiende na kanga, sukari wala fedha: Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaendelea kuibana. Asichukue wala kuandika namba ya kadi ya mpiga kura ya mtu yeyote.

Mhubiri analindwa na ibara ya 19 ya Katiba, inayotambua uhuru wa kuabudu na wa kueneza dini. Mwenye nyumba naye analindwa na ibara ya 16, inayompa haki ya faragha yake, ya familia yake na ya maskani yake. Haki hizo mbili hukutana kizingitini, na hapo anayeamua ni mwenye kizingiti.

Mtafiti apitie Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, inapohitajika, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata na mtaa, kwa mpangilio huo. Yeyote anayeandika majina, namba za simu au namba za NIDA za watu ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka aeleze anachukua taarifa kwa kazi gani, achukue zile tu zinazohitajika, na asizipeleke kwingine. Daftari la majina lililosahauliwa kwenye daladala ni kosa ambalo haliponywi kwa kuomba radhi.

Ukifika mlangoni

Simama nje ya ua, piga hodi, na usivuke mpaka uitikiwe karibu. Hodi ya tatu ikikosa jibu, ondoka. Mzee mwamkie shikamoo kabla ya kutaja shida yako. Taja jina, ulikotoka na ofisi iliyokuruhusu, kisha onyesha barua bila kungoja kuombwa. Akiwepo mtoto peke yake, usiuze, usichangishe, wala usimuulize wakubwa wake watarudi saa ngapi.

Muda wa kupita uuchague kwa kuangalia maisha ya mahali. Saa tatu asubuhi inafaa sehemu za mjini kama Shangani au Rahaleo, lakini Newala vijijini wakati wa palizi au wa kuokota korosho wenyeji watakuwa mashambani, na saa tisa alasiri itakuwa bora zaidi. Ijumaa simama kuanzia saa sita hadi swala ya Ijumaa iishe. Mwezi wa Ramadhani usipite karibu na futari. Penye msiba hakuna biashara, na nyumba yenye shughuli ya jando au unyago iache mpaka siku nyingine. Kipaza sauti kina kibali chake, na hakitumiki karibu na shule, hospitali au nyumba ya ibada wakati wa ibada.

Ukiambiwa hapana, shukuru na uende. Kuacha bidhaa kwa nguvu ili uje udai baadaye, kumtishia mtu kwa jina la kiongozi, au kumwambia kwamba jirani zake wote wameshatoa, ni kumnyang'anya uhuru wa kuamua.

Mambo yakiharibika

Ukisimamishwa na mgambo au mkusanyaji ushuru, onyesha karatasi zako na uombe kuona kitambulisho chake. Bidhaa zikichukuliwa, omba orodha yenye idadi, tarehe, jina na saini, kisha nenda siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kata. Sheria ndogo nyingi zinamruhusu mkurugenzi kufifilisha kosa, yaani mkosaji akikiri kwa maandishi hulipa faini bila kufikishwa mahakamani. Usikiri kosa usilolifanya kwa kuharakisha kurudishiwa mzigo, na faini yoyote iwe na kontroli namba. Akikudai fedha bila risiti, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113.

Mwenye nyumba naye ana hatua zake. Soma barua, tazama muhuri, tarehe ya mwisho na jina la mtaa, kisha mpigie simu mtendaji au mwenyekiti kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mgeni. Usimpe wakala wa laini kidole chako mara ya pili kwa maelezo kwamba mtandao umegoma. Akishaondoka, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ukiona usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe. Ukiahidiwa kwamba fedha yako itazaa maradufu kwa kuleta watu wengine, huo ni upatu, nao ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mtoe mgeni huyo nje kwa upole na utoe taarifa polisi kwa namba 112 kabla hajafika nyumba ya pili.